SOMO LA 17: MREFU AU MWEPESI?

Leo tutajifunza habari ya mpira wa kikapu unaochezwa kwenye kioo cha televisheni. Vijana wengi wanaupenda, nasi wazazi yafaa tujue unavyoendeshwa.

Kwanza tutazame uwanja wenyewe. Huko Marekani, mwaka 1987, timu ya Washington Bullets ilikuwa na wachezaji wawili wa ajabu. Manute Bol, mzaliwa wa Sudan, alikuwa na kimo cha sentimita 231. Mwenziwe, Muggsy Bogues, alikuwa na sentimita 160 tu. Bol alinyosha mkono akazuia mipira ya wapinzani. Katika misimu 2 aliongoza ligi nzima kwa kazi hiyo. Bogues alikuwa na mbio, naye alidunda mpira karibu sana na sakafu, hata ikawa vigumu kumnyang'anya. Alicheza katika ligi hiyo misimu 14. Basi kila mmoja alikuwa na faida yake na upungufu wake.

Sasa tuje kwenye mchezo wa kioo. Je, kama mtu mrefu angepewa mbio sawasawa na mfupi, ingekuwaje? Kila kijana angechagua mrefu, na mchezo ungekosa ladha. Kwa sababu hiyo watengenezaji wameweka mizani.

Chukueni mfano wa mchezo uitwao NBA 2K, ulioanza kuuzwa mwaka 1999. Siku hizi kijana huunda mtu wake mwenyewe. Huchagua kimo, uzito na urefu wa mikono. Akiongeza kimo, uwezo wa kuzuia mipira hupanda, lakini kikomo cha mbio hushuka. Akiongeza uzito, nguvu hupanda, wepesi hupungua. Akirefusha mikono, huzuia vema zaidi, lakini shabaha yake hupungua. Ni kama kwenda sokoni na fedha kidogo: ukinunua nyama nyingi, mchele utapungua.

Sikilizeni vema hapa, maana pana jambo la fedha. Uwezo wa mtu huyo huongezwa kwa sarafu za mchezo. Sarafu hizo hupatikana kwa kucheza muda mrefu, au hununuliwa kwa fedha halisi. Kijana akichagua mwili bila kufikiri, mara nyingi hulazimika kuunda mtu mwingine na kulipa upya.

Kwa hiyo, kabla ya kumpa mwanao fedha, mwulize: "Mtu wako atafanya kazi gani uwanjani?" Akijibu, "Kila kazi," mkumbushe kwamba mshika mbili, moja humponyoka.

Maswali ya darasani:
1. Bol alimzidi Bogues kwa sentimita ngapi?
2. Kwa nini mtu mrefu hupunguziwa mbio?
3. Timu yenye warefu watupu itapata shida gani?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.