MBA ITAKUSAIDIA NINI CHALA?

Eti aliyesoma MBA lazima akae Dar afunge tai? Thubutu! Shahada hiyo ilianzia Harvard, Marekani, mwaka 1908, na siku hizi hapa kwetu inatolewa Mlimani na Mzumbe. Lakini kazi yake utaiona vizuri Chala, kwenye gunia la mahindi.

Wakati wa mavuno bei iko chini, mlanguzi kaja na fuso anataka lumbesa, na mtoto anadai sare za shule. Wengi wanauza tu, yaishe. Aliyepita darasani anashika kalamu kwanza: mbolea, vibarua, magunia, dawa ya dumuzi, nauli ya mzigo hadi Sumbawanga. Hapo anajua kila debe limemgharimu kiasi gani, auze magunia mangapi leo na mangapi yangoje mvua.

Hesabu ndiyo rahisi, bwana. Ngoma nzito ni kuwashawishi majirani wakusanye mzigo pamoja wauze kwa mizani, na kumsikiliza mzee ambaye hajaona chuo lakini kalima miaka 40. Msomi mwenye nyodo anakwama hapo. Na ada yenyewe ni mamilioni ya shilingi, kwa hiyo anayetaka kuuza ng'ombe wa baba akasome, hesabu yake ya kwanza ni hiyo.