Magitaa Yasiyo na Pacha
Kwa bei, lililotikisa minada ni gitaa la Martin D-18E la mwanamuziki wa roki Kurt Cobain. Juni 2020 liliuzwa Marekani kwa zaidi ya dola milioni 6, rekodi ya gitaa lolote wakati huo. Kilicholipandisha ni usiku mmoja wa Novemba 1993 jijini New York, alipolicharaza mbele ya kamera za televisheni ya MTV. Aprili iliyofuata Cobain alifariki dunia.

Kwa kupotea na kupatikana, navulia kofia besi ya Höfner ya mwanamuziki Paul McCartney. Aliinunua Hamburg, Ujerumani, mwaka 1961 kwa takriban pauni 30. Ikaibwa London mwaka 1972, ikakaa mafichoni zaidi ya nusu karne. Februari 2024 ikatangazwa kuwa imerudi kwa mwenyewe, na Desemba akapanda nayo jukwaani.

Lakini ukiniuliza lipi halina mbadala kabisa, sitasita: Red Special la Brian May, mpiga gitaa wa Queen, bendi ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar. Mwaka 1963 kijana May hakumudu gitaa la umeme la dukani. Yeye na baba yake Harold, mhandisi wa elektroniki, wakaanza kuliunda nyumbani. Shingo waliichonga kutoka ubao wa mhogani uliokuwa juu ya meko ya zamani. Matundu ya wadudu wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Springi zilitoka kwenye injini ya pikipiki kuukuu, na mkono wa kutetemesha sauti ukavishwa ncha ya sindano ya kufumia ya mama yake. Gitaa hilohilo, analolipiga kwa sarafu ya peni sita, ndilo alilosimama nalo juu ya paa la kasri la Buckingham mwaka 2002. Nakala zake zinauzwa madukani. Alilochonga na babaye ni moja tu.

Anayedhani hasara ya kupoteza gitaa la namna hii hulipika, asikie yaliyoyapata Makumbusho ya magitaa ya Martin, Pennsylvania. Yaliwaazimisha watengenezaji wa filamu ya The Hateful Eight gitaa la miaka ya 1870. Nakala za kuvunjwa zilikuwepo, ila mwigizaji Kurt Russell, asijue, akalinyakua lile halisi na kulipigiza likapasuka vipande. Bima ililipa, gitaa halikutengenezeka. Makumbusho yakatangaza kwamba hayataazimisha tena gitaa kwa filamu yoyote, na yamefanya sawa kabisa.