Ufundishaji wa Vishazi Vielezi vya Kiingereza kwa Wanafunzi Wazungumzao Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili ufundishaji wa vishazi vielezi vya Kiingereza katika shule za sekondari za Tanzania. Kwa kishazi kielezi tunamaanisha kishazi tegemezi kinachofanya kazi ya kielezi ndani ya sentensi changamano, kama vile kueleza wakati, sababu, sharti, kusudi au ukinzani. Hoja yetu ni kwamba mwanafunzi azungumzaye Kiswahili haingii darasani akiwa mgeni wa utegemezi wa vishazi. Anaujua vizuri, ila mara nyingi ameuzoea ukiwa ndani ya kitenzi, kwa njia ya viambishi kama -po-, -ki-, -sipo- na -nge-. Kiingereza huuweka nje ya kitenzi, katika neno linalosimama peke yake mwanzoni mwa kishazi. Mwalimu anayeanza somo kwa orodha ya viunganishi vya Kiingereza humwachia mwanafunzi kazi iliyo ngumu kuliko zote, yaani kuamua ni neno lipi kati ya hayo linalolingana na kiambishi alichonacho kichwani.

Suala hili si la sarufi peke yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma. Mwanafunzi aingiapo kidato cha kwanza hukuta karibu masomo yote yanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Criper na Dodd (1984) walionyesha kwamba kiwango cha Kiingereza katika shule za sekondari hakikutosha kujifunzia masomo mengine. Mjadala uliofuata umehusu zaidi lugha ipi itumike kufundishia, nao ni mjadala wa haki kabisa. Lakini wakati wataalamu wakijadiliana, mtahiniwa wa historia au baiolojia anaendelea kuulizwa maswali yanayodai sababu, masharti na ukinzani. Akishindwa kuunda kishazi, msahihishaji humwona hajui somo.

Sentensi za Kiingereza zenye alama ya nyota hapa chini tumeziunda wenyewe ili kuwakilisha aina za makosa ambazo walimu wengi watazitambua. Aidha, tunakiri kwamba kwa wanafunzi wengi Kiswahili si lugha ya kwanza bali ya pili. Hata hivyo, ndiyo lugha waliyofundishwa kuandikia, na kwa hiyo ndiyo inayoongoza kalamu zao.

2.0 Kiambishi -ki- na uamuzi unaolazimishwa na Kiingereza

Tuchunguze sentensi zifuatazo:

(1) Jua likizama, ndege hurudi viotani.
(2) Mvua ikinyesha kesho, hatutacheza.
(3) Mama akirudi jioni, nitamwambia.
(4) Alikuja akikimbia.

Kiambishi ni kimoja katika sentensi zote nne. Kiingereza kitadai "when" katika (1), "if" katika (2), na umbo la kitenzi lenye "-ing" bila kiunganishi chochote katika (4), yaani "He came running". Sentensi (3) ndiyo yenye mafunzo zaidi. Ikiwa msemaji ana hakika kwamba mama atarudi, Kiingereza hutaka "when". Ikiwa ana shaka, hutaka "if". Kiswahili kinamruhusu msemaji kuliacha suala hilo wazi, pengine kwa sababu halina umuhimu katika mazungumzo yake. Kiingereza kinamlazimisha kuamua kabla hajatamka neno la kwanza.

Hapa ndipo tafsiri ya neno kwa neno inapoharibu kazi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba -ki- ni "if" ataandika kwamba atamwambia mama "if she comes back" hata kama hakuna anayetilia shaka kurudi kwake. Sarufi ya sentensi hiyo haina kosa, kwa hiyo mwalimu huipitisha. Kilichopotoka ni maana.

Tunapendekeza jaribio linalotumia maarifa ambayo mwanafunzi tayari anayo. Aambiwe abadilishe -ki- kwa umbo lenye -po-. Sentensi (1) inakuwa "Jua linapozama, ndege hurudi viotani", na maana inabaki ileile. Basi "when" inafaa. Sentensi (2) inakuwa "Mvua itakaponyesha kesho, hatutacheza", na hapo msemaji amekuwa mtabiri, kwani mvua si jambo la shaka tena. Mabadiliko hayo ya maana yanamwonyesha mwanafunzi kwamba alikusudia "if". Katika (4), "Alikuja alipokimbia" haileti tena maana ya namna alivyokuja. Basi kiunganishi hakihitajiki.

Jaribio hili lina mipaka yake. Halifai sana baada ya vitenzi vya hisia. "Nilimwona akivuka barabara" na "Nilimwona alipovuka barabara" zote ni sanifu na ziko karibu kimaana, ingawa katika ya kwanza kilichoonekana ni tendo lenyewe la kuvuka. Vitenzi vya namna hiyo ni vichache, na ni afadhali vifundishwe pekee.

3.0 Wakati ujao na sharti lisilo la kweli

Ufumbuzi wa tatizo la kwanza huzaa la pili. Mwanafunzi aliyechagua "itakapo-" au "atakapo-" ana kiambishi cha wakati ujao mbele ya macho yake, naye hukihamishia katika Kiingereza:

(5) Atakapokuja, nitamwambia.
(6) *When he will come, I will tell him.

Kiingereza hutumia wakati uliopo katika kishazi tegemezi cha aina hii, na wakati ujao katika kishazi kikuu tu: "When he comes, I will tell him". Kueleza kwamba hii ni kanuni ya Kiingereza hakutoshi. Inasaidia zaidi kuonyesha kwamba Kiswahili nacho hufanya hivyohivyo kinapotumia -ki-. Katika "Akija, nitamwambia" kishazi tegemezi hakina kiambishi cha wakati ujao, na hakuna msikilizaji anayechanganyikiwa. Mwanafunzi, basi, achague kiunganishi kwa kutumia -po-, lakini aunde kitenzi kwa kufuata mfano wa -ki-.

Sharti lisilo la kweli lina ulinganifu ambao Kiingereza hakina. Katika "Ningekuwa na fedha, ningenunua kitabu" kiambishi -nge- kimo katika vishazi vyote viwili. Kutokana na hilo huja *"If I would have money, I would buy a book". Kiingereza hugawa kazi: kishazi tegemezi huchukua umbo la wakati uliopita, "had", ambalo hapa halielezi wakati uliopita hata kidogo. Mwanafunzi aliyezoea kwamba -li- ni -li- ana haki ya kushangaa.

4.0 Pale lugha mbili zinapofanana

Mtu anayemfuata Lado (1957) angetarajia ugumu upungue pale Kiswahili kinapotumia neno huru kama Kiingereza. "Kabla" na "before" husimama mahali pamoja, vivyo hivyo "ingawa" na "although". Kwa maoni yetu, hapa pana mtego mkubwa zaidi, kwa kuwa kufanana kwa neno la kwanza humfanya mwanafunzi aamini kwamba kishazi kizima kinafanana.

(7) Kabla hajafika, niliondoka.
(8) *Before he had not arrived, I left.

Katika (7) Kiswahili hutumia ukanushi wenye -ja-, nacho kina mantiki yake: wakati ninaondoka, yeye alikuwa hajafika. Kiingereza kinaona kwamba "before" imekwisha kubeba maana hiyo. Mwandishi wa (8) hakuzembea. Amefuata sarufi yake kwa uaminifu. Ndiyo maana Corder (1967) alisisitiza kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa mfumo alio nao. "Unless" nayo ina ukanushi ndani yake, ndiyo sababu -sipo- huzaa *"unless he does not come".

Kuhusu ukinzani, wapo wanaokosoa "ingawa ... lakini" hata katika Kiswahili, lakini muundo huo husikika na kuandikwa kila siku. Matokeo yake ni sentensi kama *"Although the Majimaji fighters were many, but their weapons were poor". Mwanafunzi aelezwe kwamba Kiingereza huruhusu neno moja tu kati ya hayo mawili. Akifuta "although", anabaki na sentensi ambatano. Akifuta "but", anabaki na sentensi changamano. Zote mbili ni sahihi, na kuziandika zote mbili ni zoezi bora kuliko fasili ya istilahi hizo.

5.0 Mpangilio wa mafunzo

Kutokana na mjadala huu, tungeanza na kweli za jumla za sayansi: "Maji yakichemka, hugeuka mvuke". Katika sentensi za namna hii Kiingereza kwa kawaida hukubali "when" na pia "if", na vitenzi vyote viwili huwa katika wakati uliopo. Mwanafunzi anapata sentensi changamano sahihi bila kulazimika kuamua juu ya hakika au wakati. Baadaye yafuate matukio yajayo pamoja na jaribio la -po-, kisha "kabla" na "ingawa". Vishazi vya sababu na kusudi havihitaji muda mwingi, isipokuwa kukumbusha kwamba kishazi cha "because" kikiandikwa peke yake hakikamilishi sentensi, japokuwa katika mazungumzo ni jibu linalotosha.

Sharti lisilo la kweli lingekuja mwisho, na mahali pake panapofaa ni somo la historia. Swali la nini kingetokea kama wapiganaji wa mwaka 1905 wangalikuwa na silaha sawa na za Wajerumani humdai mwanafunzi afikirie sababu za kushindwa kwao na, wakati huohuo, atumie "had had" na "would have" kwa haja ya kweli. Zoezi hilo linaweza kusahihishwa na walimu wawili, wa historia na wa Kiingereza, kila mmoja akitoa alama zake.