Misimu ya Vijana Katika Vinywa vya Wakubwa

Maneno ya mitaani ambayo hayajakubaliwa katika lugha sanifu huitwa misimu, na jina hilo limeteuliwa kwa busara. Huzuka kwa wakati wake, hustawi, kisha ama hunyauka ama huingia katika ghala la lugha ya watu wote. Matatu lilikuwa neno la mitaa ya Nairobi, lililotokana na nauli ya mapeni matatu; daladala lilizuka Dar es Salaam kutokana na dala, yaani sarafu ya shilingi tano. Leo yote mawili yamo katika kamusi na hakuna anayeyaonea haya.

Hayo yaliingia kwa miguu yao. Makala haya yanahusu maneno yanayoburutwa: tangazo la benki linalomwita mteja "mshikaji", mtangazaji wa makamo anayefungua kipindi kwa "niaje", bango la idara linaloahidi kwamba mambo yatakuwa "poa". Nia si mbaya. Mwandishi huhofu kwamba Kiswahili chake kitaonekana cha kizee, na kijana hatamsikiliza.

Neno la kijana hufanya kazi mbili: hutaja kitu, na humtambulisha msemaji kuwa mmoja wa wenziwe. Kazi hii ya pili ndiyo iliyolizaa. Kiswahili hakikupungukiwa na neno la fedha hata vijana wa Tanzania wakahitaji mkwanja na mshiko, au wa Nairobi wakahitaji chapaa na ganji. Mkubwa akilichukua neno, hupata kazi ya kwanza tu. Ya pili humponyoka, maana yeye si mmoja wao, na wote wanajua. Kijana naye huliacha na kubuni jingine. Ndiyo maana waandishi wa matangazo aghalabu hufika gulioni watu wamekwisha tawanyika.

Lakini kuchelewa ni jambo dogo. Liko linalopasa kumshughulisha zaidi mfasiri wa nyaraka za afya. Vijana wa Tanzania waliuita UKIMWI "ngoma", na aliyeambukizwa wakasema "amekanyaga miwaya". Tuitazame picha iliyomo. Mtu anayekanyaga waya wa umeme hakukusudia, wala hakuuona. Amepatwa na ajali. Miongoni mwa vijana wenyewe usemi huo ni njia ya kuikabili hofu kwa mzaha, na hakuna wa kuwanyima. Ukihamishiwa katika bango la kuhimiza kinga, hulipinga bango lenyewe: huwaambia wasomaji kwamba maambukizo ni bahati mbaya, ilhali bango limetundikwa ili kusema kwamba yanazuilika. Aliyeandika "kuambukizwa virusi vya UKIMWI" huenda akaitwa mkavu, lakini hakumdanganya mtu. Msimu hauazimwi neno peke yake. Huja na mtazamo wa waliouzua.

Katika siasa mambo huenda kasi zaidi. Nchini Kenya neno hasla, yaani mtu anayejitafutia riziki kwa jasho lake, lilifanywa bendera ya kampeni ya William Ruto mwaka 2022, na mfuko wa mikopo uliozinduliwa Novemba mwaka huohuo ukapewa jina hilo. Vijana walioandamana kuupinga mswada wa fedha mwezi Juni 2024 walikuwa na neno jingine: walimwita Rais Zakayo, yule mtoza ushuru wa Biblia. Neno hili hawakulipokea kutoka ofisi yoyote.

Haisemwi hapa kwamba misimu ipigwe marufuku. Jarida la vibonzo la Shujaaz, lililoanza Kenya mwaka 2010, liliandikwa kwa Sheng na likapendwa. Ila msemaji wake ni Boyie, kijana wa kubuniwa anayeendesha redio ya siri, si katibu mkuu wa wizara. Tofauti hiyo yamtosha mfasiri kuwa kipimo. Neno likitoka kinywani mwa mhusika kijana, na aliandike, akiisha kulihakiki kwa vijana wa mtaa unaohusika, kwani la Kariakoo huenda lisieleweke Eastlands. Likitoka kwa ofisi, ofisi iseme kwa sauti yake: sentensi fupi, vitenzi vya kawaida, na siku ya mwisho ya kupokea maombi iandikwe mahali inapoonekana.