Habari Usizoagiza: Namna ya Kuutuliza Ukurasa wa Mwanzo wa Kivinjari

Umefungua kivinjari cha simu ili uangalie matokeo ya kidato cha nne. Kabla hujaandika hata herufi moja, chini ya kisanduku cha kutafutia habari zimeshajipanga: msanii ameachana na mkewe, mshambuliaji anatakiwa na klabu ya Uarabuni, mti wa porini unadaiwa kuponya kisukari. Hukuagiza hata moja. Unajikuta umezama kwenye habari za usajili, na matokeo yenyewe hujayaona.

Wapo wanaodhani simu imeingiwa na virusi. La hasha. Hiyo ni kazi ya mfumo wa kupendekeza, programu inayokisia utabofya nini, na ni taaluma yenye umri wa zaidi ya miaka 30.

Zamani ukurasa wa mwanzo ulikuwa mtupu, au ulionyesha tovuti ulizozoea kuzitembelea. Februari 2017, Mozilla, watengenezaji wa Firefox, waliinunua Pocket, huduma ya kuhifadhi makala ili zisomwe baadaye. Kufikia Novemba mwaka huohuo, Firefox mpya ilikuwa ikiwaonyesha watumiaji wa baadhi ya nchi makala zilizopendekezwa na Pocket kila walipofungua kichupo kipya. Septemba 2018 Google iliupa mkondo wake wa habari jina la Discover, ikatangaza kuwa unatumiwa na watu zaidi ya milioni 800 kila mwezi. Mwaka 2021 Microsoft ilizindua Microsoft Start, na habari zake zikaingia kwenye kivinjari cha Edge. Opera Mini nayo ina mkondo wake. Sababu ya kibiashara haijifichi: kichupo hufunguliwa mara nyingi kwa siku, na penye macho ya watu pana soko la matangazo.

Mizizi ya teknolojia hii ni ya kale kidogo. Mwaka 1992 watafiti wa Xerox PARC huko California walieleza mfumo wao wa Tapestry, uliochuja barua pepe na ujumbe kwa kutumia maoni ya watu waliotangulia kuzisoma. Miaka miwili baadaye ukaja GroupLens, uliowaomba wasomaji wa mtandao wa Usenet wazipe habari alama kuanzia 1 hadi 5. Kanuni yake ni nyepesi: ikiwa Asha na Juma wamekuwa wakikubaliana katika alama zao, basi habari aliyoipenda Asha, na Juma bado hajaiona, huenda ikamfaa Juma pia.

Lakini habari huchacha upesi. Hakuna muda wa kusubiri watu watoe alama ilhali kesho hakuna atakayeisoma. Mwaka 2010 watafiti wa Yahoo na Chuo Kikuu cha Princeton walichapisha suluhisho lililotokana na fumbo maarufu la hisabati: mcheza kamari amezungukwa na mashine nyingi, na hajui ipi inalipa vizuri. Aendelee na ile iliyokwisha kumlipa, au apoteze sarafu kuzijaribu nyingine? Programu yao ilifanya yote mawili. Mara nyingi ilimpa msomaji habari iliyotarajia ataibofya, na mara mojamoja ikamrushia asiyoijua ili imsome. Walipoipima kwa kumbukumbu zaidi ya milioni 33 za ukurasa wa mbele wa Yahoo, mibofyo ilizidi kwa asilimia 12.5 ikilinganishwa na njia isiyozingatia msomaji ni nani.

Kwa hiyo ile habari ya ajabu inayotokea ghafla kwenye ukurasa wako, isiyohusiana na lolote ulilowahi kutafuta, yaweza kuwa swali. Ukiibofya kwa mshangao tu, umeshajibu.

Hapo ndipo penye kasoro. Mfumo unaohesabu mibofyo hauwezi kujua kwa nini umebofya. Anayetaka kujifunza hubofya, aliyekasirika hubofya, na mwenye hofu naye hubofya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature Human Behaviour ulichambua vichwa vya habari 105,000 vya tovuti ya Upworthy ya Marekani, ambayo ilikuwa na desturi ya kuijaribu habari moja kwa vichwa kadhaa. Katika kichwa cha urefu wa kawaida, kila neno hasi lililoongezwa lilipandisha kiwango cha kubofya kwa asilimia 2.3. Habari ileile, chumvi tofauti. Mfumo hauhitaji nia mbaya ili ukujazie ukurasa misiba na ugomvi. Kuhesabu tu kunatosha.

Utajitetea vipi? Wengi huanza kwa kubonyeza vitone vitatu vilivyo kwenye habari husika na kuchagua kwamba haiwavutii. Mwaka 2022 Mozilla ilipima uwezo wa vitufe vya namna hiyo katika YouTube, kwa msaada wa watu zaidi ya 20,000 waliojitolea. Kitufe cha kutovutiwa kilizuia asilimia 11 tu ya mapendekezo yasiyotakiwa. Kile cha kukataa chaneli nzima kilizuia asilimia 43. Utafiti ule ulihusu video, lakini fundisho lake linafaa hata kwenye habari: usipoteze nguvu kuikataa habari mojamoja, kataa chanzo chake. Vitone hivyohivyo mara nyingi vina chaguo la kutoonyeshwa tena habari za tovuti fulani.

Dawa yenye uhakika zaidi ni swichi. Katika Chrome ya Android, fungua kichupo kipya, tazama juu ya orodha ya habari, bonyeza alama ya gia au vitone vitatu kulingana na toleo lako, kisha uzime. Katika Edge ya kompyuta, bonyeza gia iliyo pembeni mwa ukurasa wa mwanzo na uzime maudhui. Katika Firefox, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ukurasa wa mwanzo, uondoe tiki kwenye makala zinazopendekezwa, au uchague ukurasa mtupu kabisa. Opera Mini nayo hukuruhusu kuzima habari kwenye mipangilio. Faida haiishii kwenye utulivu wa akili: picha za habari hizo hupakuliwa kwa bando lako, usome usisome.

Tahadhari mbili. Kuzima mkondo ni kuuficha, si kuzuia taarifa zako kukusanywa. Anayetaka kwenda mbali zaidi aingie kwenye akaunti yake ya Google, kwenye shughuli za wavuti na programu, afute kumbukumbu na kusimamisha uhifadhi wake. Pili, baada ya kivinjari kusasishwa, chungulia tena mipangilio uone kama imebaki ulivyoiacha.

Hakuna anayesema uishi bila habari. Hifadhi kwenye alamisho magazeti mawili matatu unayoyaamini, uyafungue kwa saa unayoitaka wewe. Mhariri wa gazeti naye hukuchagulia, ila jina lake linajulikana na akikosea unaweza kumwandikia. Mkondo wa kivinjari hauna wa kuulizwa.

Na ukimaliza simu yako, shika ya mzazi wako. Wazee ndio wanaosumbuliwa zaidi na kisukari na presha, na tiba za miujiza zinawalenga wao. Muulize kama habari zile anazihitaji. Akisema hapana, mzimie.