Jensen Interceptor: Kitakachokufilisi ni bodi, si injini

Na Mwandishi Wetu

AGOSTI 2019, huko Monterey nchini Marekani, gari aina ya Aston Martin DB5 la miaka ya 1960 liliuzwa mnadani kwa dola milioni 6.385. Lilikuwa moja ya magari yaliyofungwa vifaa vya kijasusi kwa ajili ya kuitangaza filamu ya James Bond iitwayo Thunderball.

Habari za namna hiyo ndizo zinazowafanya watu wenye akiba kidogo, hasa wastaafu waliokwishashika kiinua mgongo mkononi, waamini kuwa kila gari la zamani la Kiingereza ni shamba la kuvuna bila kupalilia.

Ukweli ni kwamba gari lile halikuuzwa kwa sababu ya uzee wake. Liliuzwa kwa sababu ya sinema. Magari mengine ya rika lake yanauzwa kila wiki nchini Uingereza kwa bei ambayo wakati mwingine haifikii hata fedha ambazo mwenyewe alimlipa fundi.

Leo tuangalie moja kati ya hayo, Jensen Interceptor, kwa kuwa hesabu yake inaonyesha wazi wapi fedha ya mmiliki inakopotelea.

Gari hili ni la kundi linalofahamika kwa herufi GT. Ni magari yenye nguvu na viti vya ngozi, yaliyobuniwa ili tajiri aondoke London na mkewe na masanduku yao, avuke bahari kwa feri na kuteremka hadi kusini mwa Ufaransa bila kuumwa mgongo. Si magari ya mashindano, ingawa mengi yana mbio za kutosha.

Kampuni ndogo, injini ya kununua

Jensen ilikuwa kampuni ya ndugu wawili, Richard na Alan Jensen, katika mji wa West Bromwich, jirani na Birmingham. Sehemu kubwa ya riziki yake haikutokana na magari yenye jina lake, bali kazi za watu wengine. Iliwatengenezea Austin-Healey bodi, na kwa muda iliunganisha Volvo P1800.

Interceptor ilizinduliwa mwaka 1966. Umbo lake lilichorwa na kampuni ya Touring ya Milan, Italia, na bodi za kwanza zikatengenezwa na Vignale ya Turin kabla ya kazi hiyo kuhamishiwa West Bromwich. Injini ilinunuliwa Marekani kwa Chrysler, silinda nane zenye ujazo wa cc 6,276. Giaboksi ya otomatiki nayo ilitoka huko huko. Baadaye, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikaja injini kubwa zaidi ya lita 7.2.

Kwa kampuni ndogo huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu kubuni injini mpya kunahitaji mtaji ambao Jensen haikuwa nao.

Anayefaidi busara hiyo leo ni mmiliki. Injini za Chrysler zilitengenezwa kwa wingi mno, na vipuri vyake vingi bado vinatengenezwa vikiwa vipya nchini Marekani. Pistoni, pampu ya maji, gasketi, vyote vinaagizwa na kufika. Fundi yeyote anayezifahamu injini kubwa za Kimarekani haoni ajabu akifungua boneti ya Interceptor.

Ubaya wake unaojulikana ni kuchemsha. Injini ile kubwa imebanwa mahali padogo, na gari likikaa kwenye foleni siku ya joto mshale wa temperecha unapanda. Wamiliki wengi wameweka rejeta kubwa zaidi na feni za umeme, na tatizo likapungua sana.

Kutu haina huruma

Hata hivyo, kwenye bodi hesabu inabadilika kabisa.

Katika miaka yote kumi ya uzalishaji zilitengenezwa Interceptor zipatazo 6,400 tu. Bodi ni ya chuma, ilichomelewa kwa mikono zaidi kuliko mashine, na enzi hizo kinga dhidi ya kutu haikupewa uzito. Kisha magari hayo yakaishi katika nchi ya mvua, ambako wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Msomaji wa Tanga au Mombasa anayejua upepo wa bahari unavyoyafanya mabati ya nyumba hahitaji maelezo zaidi.

Kutu hushambulia kwanza vizingiti vya chini ya milango, kisha matao ya magurudumu, ncha za chini za milango na sehemu ya mbele chini ya taa. Kile kioo kikubwa cha nyuma kilichopinda, ambacho ndicho kinachowavutia watu barabarani, nacho kina madhara yake. Mpira wake ukichoka maji hupenya na kutuama kwenye sakafu ya buti, na mwenye gari hupata habari sakafu ikiwa imekwishatoboka.

Wanaoyafahamu magari haya huenda kukagua wakiwa na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Pale inapogoma kunasa, chini ya rangi hakuna chuma, kuna puti. Njia nyingine ni kuliinua gari kwa jeki na kujaribu kufunga mlango. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kugoma, bodi imelegea na muuzaji hapaswi kupewa hata senti kabla ya mazungumzo mapya.

Tuchukue mfano. Magari mawili yanauzwa, moja zima na lingine limeliwa na kutu, na lile bovu ni nafuu kwa pauni 20,000. Mnunuzi anafurahi na kuchukua la bei nafuu. Tuseme fundi wa bodi anatoza pauni 70 kwa saa, na kazi ya kukata mabati yaliyooza, kuchomelea mapya na kunyoosha inachukua saa 600. Hizo ni pauni 42,000. Aliyedhani ameokoa 20,000 tayari amezidisha 22,000, na gari bado halina rangi, ngozi za viti hazijashonwa na bampa hazijapelekwa kuchovywa nikeli.

Si ajabu kukuta tangazo la gari la aina hii lililofunguliwa vipandevipande, vipuri vikiwa kwenye maboksi, likielezwa kuwa ni kazi iliyokwisha nusu. Mara nyingi huyo ni mtu aliyeishiwa fedha katikati ya safari, na familia yake inajua yaliyotangulia.

Mafuta, kodi na bima

Kuhusu mafuta, Interceptor hunywa takriban lita 20 hadi 28 kwa kila kilometa 100. Safari ya London hadi Manchester, yapata kilometa 320, itameza kati ya lita 64 na 90. Tukichukulia lita moja ni pauni 1.40, hiyo ni pauni 90 hadi 126 kwa kwenda tu.

Aidha, tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida Uingereza ni ile iitwayo E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli hiyo hula mipira na mabomba ya mafuta ya magari ya zamani, hivyo wenye magari haya hushauriwa kuweka E5, ambayo ni ghali zaidi.

Serikali ya Uingereza, kwa upande mwingine, imewalegezea kamba. Gari lililopita miaka 40 halilipiwi kodi ya barabara, ingawa mwenyewe bado anatakiwa kulisajili katika kundi la magari ya kihistoria. Tangu Mei 2018 halilazimiki kufanyiwa ukaguzi wa kila mwaka iwapo halijabadilishwa sana. Vilevile halitozwi zile pauni 12.50 kwa siku za eneo la hewa safi la London, lililopanuliwa Agosti 2023.

Msamaha wa ukaguzi, kwa maoni yangu, ni zawadi yenye mwiba. Gari la tani moja na nusu na ushee lenye breki za zaidi ya nusu karne linapaswa kuinuliwa na kutazamwa na fundi kila mwaka, serikali itake isitake.

Mtu binafsi akiuza gari lake kwa faida halipi kodi ya faida ya mtaji, kwa kuwa sheria inahesabu gari kuwa kitu kinachochakaa. Wauzaji hupenda kulisema hili kwa sauti. Wasichosema ni kwamba ukiuza kwa hasara, hasara hiyo nayo haiwezi kutumika kukupunguzia kodi nyingine.

Bima inaweza kuwa nafuu kuliko watu wanavyodhani, kwani magari haya huendeshwa kilometa chache kwa mwaka. La msingi ni kukubaliana thamani na kampuni ya bima kwa maandishi mapema. Bila hivyo, siku ya ajali utathaminiwa kama mwenye gari chakavu.

Kilichoiangusha Jensen

Mwaka 1970 mfanyabiashara wa magari wa California, Kjell Qvale, aliichukua kampuni. Mwaka 1972 ikatoka Jensen-Healey, gari dogo la wazi lenye injini ya Lotus, likitarajiwa kuuzwa kwa wingi Marekani. Injini ilikuja na matatizo mengi. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ikapaa duniani kutokana na vita vya Mashariki ya Kati, na gari linalokunywa lita 25 kwa kilometa 100 likawa mzigo hata kwa matajiri. Wafilisi waliingia mwaka 1975 na mwaka 1976 uzalishaji ukafungwa.

Hasara kubwa ya kiufundi ilikuwa kupotea kwa ndugu yake Interceptor, Jensen FF, aliyekomeshwa mwaka 1971. Gari hilo lilikuwa na nguvu kwenye magurudumu yote manne pamoja na breki za Dunlop Maxaret za kuzuia magurudumu kugoma, miaka 14 kabla ya Audi Quattro ya 1980. Lakini mpangilio wake wa mitambo haukuruhusu usukani kuhamishiwa kushoto, hivyo soko la Marekani likawa limefungwa. Yalitengenezwa 320 tu.

Kwa umbali FF na Interceptor ya kawaida zinafanana kama pacha. Atakayeonyeshwa moja atazame ubavuni, nyuma ya gurudumu la mbele: Interceptor ina tundu moja la hewa, FF ina mawili. Tundu hilo la pili huongeza bei sana, na humwongezea mnunuzi mitambo ambayo haipatikani katika duka lolote la Chrysler.