Kutengeneza tablo za saloni: wembe ao masini?



Tangu mwaka huu wa masomo ulipoanza tunasikia neno moja mu atelye na mu kiwanja: masini ya kukata. Wengi wameiona katika telefone. Ni kisanduku kidogo cha kuweka juu ya meza. Unaingiza karatasi, na kwa dakika chache kinatoa maua, nyota na majina ya watu, safi kuliko mukono wa mutu. Wenzetu wa mwaka wa tano wameomba masomo inunue moja, ili tutengeneze tablo za kutundika ku ukuta na kuziuza, na franka zile zisaidie wale wanaorudishwa nyumbani juu ya minervali. Jambo hilo si muchezo. Tangu mwaka 2019 masomo ya musingi ya serkali hailipishi tena, lakini sisi wa sekondari tunalipa, na kila mutu anajua viti vinavyobaki tupu mwisho wa mwezi. Kwa hiyo tumeona vizuri kueleza kazi hii toka mwanzo, mbele komite haijakutana.

Masini hizi zilienea kwanza huko Marekani, kwa watu wanaopenda kupamba nyumba zao wenyewe. Ile inayojulikana zaidi inaitwa Cricut, ya kampuni moja ya jimbo la Utah. Ndani yake kazi ni ya namna mbili tu. Motere moja inazungusha roli zinazopeleka karatasi mbele na nyuma. Ingine inapeleka kisu kushoto na kuume. Kwa kuunganisha myendo hiyo miwili, kisu kinaweza kufika popote na kuzunguka kila kona. Karatasi yenyewe inabandikwa juu ya kipande cha plastiki chenye kole nyepesi, tukiite mukeka, cha sentimetre 30 kwa 30, ao 30 kwa 60. Tablo kubwa kuliko hapo sharti ikatwe kwa vipande.

Kisu ni kidogo kama ncha ya sindano, tena hakikufungwa imara. Kinaweza kuzunguka katika nafasi yake, na ncha yake haiko katikati kabisa, iko pembeni kidogo. Angalieni magurudumu madogo ya chini ya kitanda cha hospitali: ukisukuma kitanda, yanageuka yenyewe na kufuata nyuma. Kisu kinafanyaka vile vile, ndiyo maana kinapinda pamoja na mustari bila mutu kukigeuza.

Lakini masini haioni picha hata kidogo. Inapokea orodha ya njia tu: toka hapa, fika pale, pinda, inua kisu. Ukiipa picha ya baba yako, haijui pua wala macho. Sharti kwanza mutu akate shauri: sehemu gani itakuwa nyeusi, sehemu gani itabaki nyeupe. Kivuli cha chini ya pua kiingie ao kiachwe? Programu ya ordinatere inaweza kujibu pahali pako, lakini inajibu kama kipofu, na mara mingi baba anatoka na ndevu asizokuwa nazo.

Kwa tablo, kinachokatwa si karatasi ya kawaida. Wanatumia vinili, ile plastiki nyembamba yenye kole nyuma, ambayo mafundi wanaandikia majina ku milango ya taxi. Kisu kinapimwa ili kikate vinili bila kukata karatasi iliyo chini yake. Jaribu kwanza kona ndogo, pembetatu moja, mbele ya kazi kubwa. Kiisha unang'oa sehemu zile rangi itakapopita, na zile zisizopashwa kupakwa unaziacha. Vinili iliyobaki ni stensili yako.

Hapa tunafika ku shida ambayo masini haimalizi. Chukueni herufi O. Ukiikata katika karatasi ngumu, katikati yake inaanguka chini, na badala ya O unabaki na tundu la mviringo. Sehemu ile ya katikati tunaiita kisiwa, kwa sababu imezungukwa pande zote. Herufi A iko nacho kimoja, vilevile D, P, Q na R. B iko navyo viwili. Hesabuni neno UKUMBUSHO: viwili katika B, kimoja katika O, vyote vitatu. Neno BABA, ijapokuwa ni fupi, liko na visiwa sita! Fundi wa zamani anaacha madaraja, yaani vijiti viwili vyembamba vinavyoshika kisiwa kisianguke. Ndiyo sababu herufi za ku makasha na ku magunia zinaonekana zimekatika-katika. Kwa vinili hakuna lazima ya daraja: unabandika skochi pana juu ya stensili nzima, unainua yote pamoja na visiwa vyake, unapeleka ku tablo, kiisha unang'oa skochi polepole. Kila kisiwa kinabaki pahali pake.

Na gazeti hili munaloshika, limeponaje? Stensili yake ni karatasi yenye nyuzi ndefu, iliyopakwa nta. Herufi ya masini ya kuandikia inasukuma nta pembeni, lakini nyuzi zinabaki, na kisiwa kinaninginia juu yake. Mwandishi akipiga kwa nguvu sana, nyuzi zinakatika, o inatoka nzima, na wino unajaa. Angalieni ukurasa wa kwanza, mutaona mbili ao tatu. Kazi hii haikuanza jana. Katika mwaka 1876 Edison alipata hati ya kalamu yake ya umeme, ambayo sindano yake ilitoboa karatasi kwa haraka sana, na wino ukapitishwa katika matundu. Katika mwaka 1881 David Gestetner alitengeneza huko London kalamu ya kigurudumu kwa kazi hiyo hiyo. Masini ya kukata ni mujukuu wao.

Sasa kitambaa. Zamani watu walichukua mifuko ya unga ya pamba. Siku hizi mifuko mingi ni ya plastiki iliyosukwa, rangi inabanduka juu yake. Chukueni amerikani, kitambaa kile kilichopata jina lake kwa sababu kilitoka Marekani. Kifueni kwanza na kukikausha, maana kisipopunguka leo, kitapunguka kikiwa kimekwisha kupigiliwa, na kadre itapinda. Kadre ni mbao nne. Musumari wa kwanza unapigwa katikati ya upande mumoja, wa pili katikati ya upande unaouelekea, halafu pande mbili zingine, na kutoka hapo munaenda kidogo kidogo mpaka ku kona huku mukivuta. Wale wanaoanzia ku kona wanapata kitambaa chenye mikunjo. Pakeni kole nyeupe iliyochanganywa na maji. Ikikauka, pakeni rangi nyeupe ya ukuta mara mbili, na katikati ya mara hizo mupite na karatasi ya kusugulia. Musione kazi hiyo kuwa ya bule. Kitambaa chenye nyuzi za kuinuka hakishikamani vizuri na vinili, na rangi inaingia chini kama maji chini ya mulango.

Kuko dawa ya hiyo, nayo ni nzuri sana. Stensili ikiisha kubandikwa, pakeni kwanza ile rangi ya chini yenyewe: kama tablo ni nyeupe, nyeupe tena. Inaingia katika kila ufa mudogo na kuuziba, na kwa kuwa ni rangi moja na ya chini, haionekani. Ikikauka, pakeni sasa nyekundu ao nyeusi. Tumieni eponji iliyo karibu kukauka, mupige-pige kwa kusimamisha mukono, musivute. Na chini ya kitambaa muweke ubao ao buku nene, kwa maana kitambaa kinabonyea na stensili inafunuka. Vinili ing'olewe rangi ingali na ubichi kidogo, kwa kuivuta nyuma juu yake yenyewe. Mukingoja mpaka kesho, rangi itang'oka pamoja nayo.

Bado hatujasema tutachora nini. Hapa kwetu Congo tuko na walimu ambao hawakuhitaji masini. Katika miaka ya 1970, huko Lubumbashi na katika miji ya mines, wachoraji walipaka tablo juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, na watu wa kazi wakazinunua kwa saloni zao. Mumoja wao ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Katika miaka ya 1973 na 1974 alimuchorea mutaalamu Johannes Fabian historia nzima ya inchi yetu, tablo 101, na kitabu chake kilitoka mwaka 1996. Watu wa Katanga walikuwa na neno lao kwa tablo hizo: ukumbusho. Mugeni anaingia, anaona askari, kiboko na wafungwa wa wakati wa Wabelgiji, anauliza, na mwenye nyumba anaanza kusimulia. Tena wachoraji wale walirudilia habari zile zile mara mingi, mamba muntu huyu na mwingine, Colonie belge hii na ingine. Kwa hiyo wale wanaosema masini ni mbaya kwa sababu inarudilia kitu kimoja, hawana haki kamili. Tunachoogopa sisi ni kingine. Masini inakuja pamoja na maelfu ya picha zilizokwisha kuchorwa, majani ya inchi zenye baridi na maneno ya Kiingereza ya kutundika juu ya kiti. Mama wa soko ataitazama, ataisifu, na atapita. Lakini ile barza ambapo kijiji chake kilikutana, ao muembe ule ulioangushwa na upepo, atasimama.

Turudilie basi shauri la kununua. Mwanzoni picha za Cricut ziliuzwa katika katriji. Sasa kazi inapitia programu ya kampuni yenyewe, na sharti ufungue konti kwao kwa intaneti. Katika mwezi wa tatu wa mwaka 2021 kampuni ilitangaza kwamba asiyelipa kila mwezi ataweza kuingiza picha zake mwenyewe 20 tu kwa mwezi. Watu walikasirika sana, kwa maana masini walikwisha kuilipa, na kampuni ikaacha mupango huo mwezi ule ule. Ni vizuri waliuacha. Lakini masomo ambayo neti yake inakuja na kwenda isinunue kisu ambacho funguo yake iko kwa mutu mwingine. Kuko masini za Silhouette, programu yake inakaa katika ordinatere na kufanya kazi bila intaneti. Na kuko ScanNCut ya Brother, ambayo inasoma muchoro wako wa karatasi na kuukata bila ordinatere. Kama komite ikituuliza, tutasema hiyo ya mwisho, kwa sababu inaanza na mukono wa mwanafunzi. Wahesabu pia visu, mikeka inayopoteza kole, na vinili ambayo kwa kawaida inatumika mara moja tu.

Na mbele ya hayo yote, tujaribu kwa wembe trimestre moja. Kwa tablo moja ao mbili, wembe unashinda masini. Kwa tablo ishirini za namna moja, stensili nzuri ni film ya radiografia ya zamani: loweka katika maji ya Javel, sugua, suuza, picha na jina la mugonjwa vinatoka na plastiki safi inabaki. Inakatika vizuri, inaoshwa, inatumika tena mara mingi. Lakini haina kole, kwa hiyo madaraja ya visiwa ni lazima.

Film tisa zimekwisha kuoshwa, ziko mu kabati ya atelye. Anayetaka kujaribu afike siku ya tano saa nane, na wembe mupya, kipande cha ubao cha kukatia, na muchoro wake uliokwisha kugawanywa nyeusi na nyeupe.